Dawa ya kusafishia filamu imegeuka rangi ya chai ndani ya wiki tatu: niihifadhi wapi nyumbani penye watoto?

#1 Kivuli_Kirefu (Temeke)
Habari za jioni, wanajamvi. Ninasafisha mwenyewe filamu za nyeusi na nyeupe katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, na chumba changu cha giza ni choo ambacho dirisha lake nimeliziba kwa blanketi. Wiki tatu zilizopita nilikoroga lita moja ya developa (dawa ya kutoa picha kwenye filamu) ya aina ya D-76, nikaitia katika kidumu cheupe cha plastiki kilichokuwa cha sabuni ya maji, nikakifunga barabara na kukiweka juu ya kabati la nguo. Jana nimekifungua nikakuta dawa ina rangi ya chai ya rangi, nayo fiksa (dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) iliyokuwa kando yake imefanya ukungu na kutuamisha unga wa manjano chini ya chupa. Maelekezo yanasema D-76 hukaa miezi 6 chupa ikiwa imejaa. Naomba kujua mambo mawili: ni kitu gani kilichoiharibu mapema hivi, na je, ni salama kuendelea kuziweka dawa hizi katika chumba wanamolala watoto wangu wa miaka 4 na 7?

#2 MzeeWaKizani (Tanga)
Pole, kijana. Kabla hujailaumu dawa, tuambie ukweli: hicho kidumu kilikuwa kimejaa? Miezi 6 ni ya chupa iliyojaa hadi shingoni na kufungwa sawasawa. Ikibaki nusu, maelekezo hayo hayo husema miezi 2. Tena sidhani kama aliyeyaandika alikuwa akiwaza juu ya kabati, chini ya bati la Temeke, mwezi wa Februari. Hesabu tuliyoitumia studio ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, mwendo wa kuharibika huongezeka kama maradufu, kwa hiyo miezi yako igawe kwa mbili kabla hujaanza kulalamika.

#3 Kivuli_Kirefu
Shikamoo, Mzee. Nakiri kwamba hakikujaa. Nilikwisha safisha filamu mbili, kila moja kwa mililita 150 za dawa na kiasi kama hicho cha maji, kwa hiyo zilibaki mililita 700 hivi.

#4 Mwalimu_Asidi (Mbeya)
Naomba tufanye hesabu kidogo, kwa sababu jibu la Mzee katika bandiko la 2 ni la kweli lakini halitoshi. Lita moja ya D-76 ina metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. Salfaiti ndiyo mlinzi: oksijeni inapoingia, yenyewe hujitoa mhanga kwanza ili haidrokwinoni, ambayo pamoja na metoli ndiyo inayotoa picha, isalimike. Katika mililita 700 zilizobaki mna gramu 70 za salfaiti. Hewa ya mililita 300 iliyo juu yake ina oksijeni mililita 63 hivi, yaani kama gramu 0.08, ambayo hata ikitumika yote haiwezi kumaliza zaidi ya gramu 0.7 ya salfaiti. Mlinzi aliyepoteza asilimia moja ya nguvu zake hajashindwa vita. Kwa maoni yangu, ama hewa mpya ilikuwa ikiingia kila siku kupitia mfuniko, ama salfaiti yenyewe ilikuwa imekwisha geuka salfeti ndani ya paketi kabla hujaifungua. Paketi uliinunua lini, na unga wake ulikuwa mkavu au ulikuwa na mabonge?

#5 Kivuli_Kirefu
Ulikuwa na mabonge machache, Mwalimu, na rangi yake ilikuwa ya malai hivi. Niliinunua katika duka moja ambalo lilikuwa na paketi mbili tu zilizobaki kwenye rafu, zote zimefifia kwa jua. Nilidhani ni bahati yangu.

#6 Bi_Negatifu (Mombasa)
Mimi namlaumu yule ambaye hakuna aliyemtaja, naye ni kidumu chenyewe. Ile plastiki nyeupe laini ya madumu ya sabuni hupitisha oksijeni polepole katika ubavu wake hata mfuniko ukiwa umekazwa, ilhali kioo hakipitishi kabisa, na plastiki ngumu ya chupa za soda hupitisha kidogo sana. Nilikuwa na dumu kama hilo na developa yangu ilikuwa ikigeuka kila baada ya mwezi. Siku hizi lita moja naigawa katika chupa nne za kioo cha kahawia, zile za dawa ya kikohozi za mililita 250, kila moja nikiijaza hadi pasibaki hata tundu la hewa. Nikifungua chupa naitumia yote siku hiyo au naimwaga. Tangu nianze mtindo huu sijaona rangi ya chai isipokuwa ndani ya kikombe.

#7 Nusu_Lensi (Nairobi)
Kama plastiki ya soda ni bora, basi tatizo limekwisha. Chupa hupatikana bure, inabonyezeka, na ukiiminya kabla ya kufunga hewa yote hutoka. Mwalimu apumzishe kikokotoo chake.

#8 Nesi_wa_Zamu (Morogoro)
Samahani sana, Nusu_Lensi, lakini ushauri wako ndio unaotuletea watoto usiku. Mtoto wa miaka 4 hasomi karatasi uliyobandika. Anasoma umbo la chupa, na umbo la chupa ya soda kwake lina maana moja tu. Mafuta ya taa yamekwisha tufundisha somo hili kwa uchungu, kwa kuwa huwekwa katika chupa hizo hizo. Sijali kama plastiki hiyo inazuia oksijeni kuliko zote duniani. Dawa ya picha isikae kamwe katika chupa ambayo mtu amewahi kunywea.

Na kwa kuwa mleta uzi ameuliza usalama, niongeze haya. Mtu akimeza developa, fiksa au asidi, asilazimishwe kutapika, kwa sababu kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Suuza kinywa, mpeleke hospitali mara moja, na nenda na chupa yenyewe pamoja na kibandiko chake, maana swali la kwanza tutakalouliza ni nini alichokunywa. Ikiingia jichoni, safisha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi kabla ya jambo lingine lolote.

#9 Bi_Negatifu
Namuunga mkono dada Nesi, na nina aibu yangu ya kusimulia. Mwaka mmoja niliiweka fiksa kwenye jokofu ndani ya chupa ya maji ya kunywa, nikaandika jina lake kwa kalamu ya wino, na ubaridi wa jokofu ukaufuta wino. Shemeji yangu alikuja kutoka sokoni na kiu yake, akapiga funda moja. Alitema papo hapo na hakudhurika, ila hadi leo akija kwangu hunywa maji ya bombani tu, tena akiwa amelishika bomba mwenyewe.

#10 Kivuli_Kirefu
Asanteni. Kwa hiyo jokofu halifai hata kama nitatumia chupa ya kioo? Nilikuwa nimefikiria hivyo kwa sababu ya joto alilolitaja Mzee.

#11 Mwalimu_Asidi
Halifai kwa sababu mbili, na ya kwanza wamekwisha isema akina dada: chakula na sumu havilali kitanda kimoja. Ya pili ni kwamba dawa iliyokorogwa kwa nguvu, ikipozwa mno, hutuamisha fuwele chini, na ukimimina bila kuziyeyusha tena unapata dawa isiyo na uwiano wake. Asidi ya siki isiyochanganywa na maji ndiyo kituko zaidi, kwa kuwa huganda ikifika nyuzi 17 hivi. Huku kwetu Mbeya haihitaji jokofu. Mwezi wa Julai nimeikuta imekuwa jiwe la barafu rafuni. Asidi hiyo kali haina kazi nyumbani, kwani mvuke wake unaunguza pua na kifua, na inashika moto. Kwa stopu, yaani dawa ya kuisimamisha developa kabla ya fiksa, tumia siki nyeupe ya dukani, sehemu moja kwa mbili au tatu za maji, au gramu 15 za asidi ya limao ya unga katika lita moja ya maji, ambayo haina hata harufu.

#12 MzeeWaKizani
Nimerudi, na naona fiksa imesahauliwa. Ule unga wa manjano ni salfa, kijana. Fiksa ikizidiwa na asidi au na joto huachia salfa, nayo hutoa hewa ile ya kukaba koo kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Mwenye pumu asiingie chumba hicho. Bila shaka stopu yako ilikuwa ikiruka na filamu kwenda kwenye fiksa bila kuchujwa vizuri, kisha ukairudisha fiksa hiyo chupani.

Nimkosoe na Mwalimu kwa heshima. Hesabu yake ya bandiko la 4 ni safi, ila rangi haisubiri salfaiti iishe yote. Haidrokwinoni kidogo sana iliyoharibika inatosha kuipaka lita nzima rangi, kama vile jani moja la chai lisivyongoja sukari. Tena rangi si kifo. Ipo developa ya Rodinal, iliyotoka Ujerumani mwaka 1891, ambayo ikiwa nzito chupani huwa nyeusi kama soda ya kola na bado husafisha filamu vizuri baada ya miaka. Na ipo XTOL ambayo hufa ikiwa nyeupe pe kama maji. Chukua kipande cha mwanzo wa filamu kilichokwisha ona mwanga, kitumbukize katika developa: kisipokuwa cheusi baada ya dakika chache, imwage. Kipande kingine kitie katika fiksa uone kinachukua muda gani kuwa angavu. Muda huo ukifika maradufu ya ule wa fiksa mpya, nayo imekwisha.

Sisi zamani fiksa tuliiita haipo, kwa jina lake la Kizungu, hypo, na dukani tulikuwa tukiuliza, "Haipo ipo?" Mwenye duka alikuwa akifurahi sana kujibu, "Haipo haipo."

#13 Nusu_Lensi
Mzee, bandiko lako nimelisoma mara tatu na bado sijajua kama ipo. Turudi kwenye swali la mahali: nyote mnasema kabati lifungwe, lakini hakuna aliyesema liwe juu au chini.

#14 Nesi_wa_Zamu
Juu, mkono wa mtoto usipofika.

#15 Mwalimu_Asidi
Chini, dada yangu. Chupa ya kioo ya lita moja ukiitoa juu ya kichwa chako kwa mkono wenye maji, ikiteleza itakumwagikia usoni. Katika maabara ya shule majimaji yanayounguza hayawekwi juu ya usawa wa macho.

#16 Bi_Negatifu
Nyote wawili mna haki, na ndiyo maana mimi nina sanduku la bati la shule, lile la wanafunzi wa bweni, lenye kufuli, sakafuni pembeni. Ndani mna mabeseni mawili ya plastiki ili chupa ikivuja isimwagike chumbani: moja la developa na vitu vyake, jingine la asidi na fiksa. Wasiwasi wangu ni kwamba upande wa siki sanduku limeanza kula kutu, kwa hiyo pengine ndoo kubwa yenye mfuniko wa kukaza ingefaa zaidi, kama ingekuwa na mahali pa kutia kufuli. Kitu kimoja kisikaribie sanduku hilo: jiki ya kufulia. Ikikutana na stopu hutoa hewa ya klorini, na kwa mleta uzi ambaye chumba chake cha giza ni choo, nina hakika jiki imesimama hapo hapo mlangoni.

#17 Kivuli_Kirefu
Imesimama, Bi. Naiondoa sasa hivi.

#18 Fundi_Bomba (Dar es Salaam)
Mimi si mpiga picha, nimefuata harufu ya uzi. Mnabishana kuhusu hewa na plastiki, lakini ndugu huyu alikorogea dawa katika maji gani? Sehemu nyingi za Temeke watu wanatumia visima virefu, na maji yake yana chumvi, mengine yana chuma cha kutosha kupaka sinki kutu. Kama yale mambo ya mlinzi wa Mwalimu ni ya kweli, chuma hakimsaidii mlinzi.

#19 Mwalimu_Asidi
Fundi amenizidi. Chuma na shaba, hata kwa kiasi kidogo, huharakisha dawa kuungana na oksijeni, na XTOL ndiyo inayoogopa zaidi. Kuchemsha maji kunafukuza hewa iliyoyeyuka ndani yake, jambo ambalo ni jema, lakini hakuondoi chumvi.

#20 Kivuli_Kirefu
Maji yalikuwa ya kisima. Niliyachemsha katika sufuria ya kawaida ya alumini na kukorogea humo humo.

#21 MzeeWaKizani
Sufuria hiyo ilirudi jikoni? Usijibu, nisije nikakasirika. Mwiko, sufuria na kikombe cha kupimia vikiingia chumba cha giza vimeaga jiko moja kwa moja. Na siku ukija kupata dawa yenye magadi makali ya kuunguza, kama yale yaliyomo katika Rodinal, usiitie katika alumini kabisa: huila alumini huku ikitoa hewa inayowaka. Halafu unapopima unga zima pangaboi na funika pua. Nilikuwa na mwenzangu ambaye mikono ilimpasuka kwa metoli hadi akaacha kazi; ngozi ikishaikataa, haisamehe.

#22 Mkaazi_wa_Berlin
Huku niliko vipo vituo vya kupokea taka hatarishi za majumbani, unapeleka chupa zako zikiwa na majina, wanazichukua. Ninyi dawa iliyokwisha mnaipeleka wapi?

#23 Nusu_Lensi
Tunaipeleka ilikotoka: chooni kwa Kivuli_Kirefu.

#24 Fundi_Bomba
Mnacheka, lakini shimo la choo lina wadudu wasioonekana wanaofanya kazi ya kula uchafu, na fiksa iliyotumika ina madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu, ambayo huwaua wadudu hao. Developa kidogo ya filamu moja, ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi, si balaa kubwa. Fiksa msimwage.

#25 MzeeWaKizani
Fiksa iliyotumika ni mali, siyo taka. Studio yetu ilikuwa ikiwekea pipa, na kuna bwana aliyekuwa akizunguka kwenye studio na vyumba vya eksirei akiinunua. Nyumbani unaweza kutumbukiza nyuzi za chuma za kusugulia masufuria katika ndoo ya fiksa chakavu, ukaiacha siku kadhaa: chuma huyeyuka kikiiachia fedha nafasi, nayo fedha hushuka chini kama tope jeusi. Usitarajie mkufu. Fiksa ya filamu chache za nyumbani haikupi hata pete, lakini tope hilo ukilikausha na kulifungia ndani ya chupa halichukui nafasi. Ndoo hiyo ikae nje penye hewa, ikiwa na mfuniko na kibandiko.

#26 Mjukuu_wa_Studio (Unguja)
Assalamu alaykum. Nimefuatilia uzi huu kwa hofu. Babu yangu alikuwa na studio na ametuachia kabati, na ndani yake mna kopo la fuwele za rangi ya chungwa, jingine la fuwele nyekundu kama komamanga, na kichupa cha unga mweupe kilichoandikwa kwa Kiingereza neno la zebaki. Mama anataka tuvimwage pwani.

#27 Mwalimu_Asidi
Waalaykum salaam. Tafadhali msimwage, na msifungue. Zile za chungwa huenda ni daikromati ya potasiamu, ambayo husababisha saratani na hulisha moto ikikutana na karatasi au mbao. Zile nyekundu huenda ni ferisianidi. Ikiwa imetulia haina ukali mwingi, lakini ikipata asidi kali au moto inaweza kutoa hewa ya sianidi, kwa hiyo iwe mbali na chupa yoyote ya asidi. Kichupa cha zebaki ndicho kibaya kuliko vyote. Watu wa zamani walitumia kloridi ya zebaki kuzikoleza negatifu hafifu, na kiasi kidogo chake kinaua. Kila chombo kitie ndani ya kingine kisichovuja, kifungiwe, kisha muwaulize watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambao Bara wapo na Zanzibar wapo.

#28 Mjukuu_wa_Studio
Ahsante, Mwalimu. Mama amekubali, ila ameuliza kama picha za babu nazo ni sumu.

#29 Kivuli_Kirefu
Nimerejea baada ya wiki tano na matokeo. Nilipata paketi mpya isiyo na mabonge, nikaikoroga kwa maji ya chupa katika beseni lenye kazi hiyo peke yake. Nusu niliitia katika chupa mbili za kioo cha kahawia hadi shingoni, na nusu nyingine katika kile kile kidumu cha zamani baada ya kukiosha, ili kuijaribu hoja ya Bi Negatifu. Vyote viko ndani ya sanduku lenye kufuli, chini ya kitanda changu, na kila kimoja kina jina, tarehe na fuvu nililolichora mwenyewe. Mwanangu mdogo wa miaka 4 ameliona akasema ni katuni nzuri, kwa hiyo nimekaza kufuli. Chupa za kioo ziko safi kama maji. Kidumu kimegeuka manjano hafifu, si chai.

#30 Bi_Negatifu
Nilisema.

#31 MzeeWaKizani
Kidumu kilikuwa nusu. Hukukijaza.

#32 Mwalimu_Asidi
Na umebadilisha unga na maji kwa pamoja, kwa hiyo manjano badala ya chai inaweza kuwa kazi ya paketi mpya, au ya maji yasiyo na chuma. Isitoshe, unasema ulikiosha kidumu. Ulikiosha kwa maji gani?

#33 Kivuli_Kirefu
Ya kisima.

#34 Fundi_Bomba
Nipo hapa.